Kwa nini Liechtenstein husogeza saa: jibu la mtu aliyewahi kukosa kikao akiwa Rungwe

Ndugu uliyeuliza kwa nini Liechtenstein, nchi ya kilomita za mraba 160 tu ambayo ni ndogo kuliko Jiji la Mbeya, inasogeza saa mara mbili kila mwaka, na kama haina uwezo wa kujichagulia saa yake yenyewe, nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili liliwahi kunigharimu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Rungwe, na mfadhili wa mabomba yetu alikuwa taasisi ndogo yenye ofisi Vaduz, mji mkuu wa nchi hiyo. Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi tulikuwa na kikao kwa njia ya mtandao. Kwao kikao kilianza saa nne asubuhi, na kwetu ilikuwa saa sita mchana, nami niliandika hivyo kwenye daftari, nikabandika na karatasi ukutani: "Kikao, saa 6 mchana."

Jumatatu ya tarehe 27 Machi 2023 tulikusanyika wajumbe watano, tukiwa na stakabadhi za saruji na picha za tangi jipya, tukawasha kompyuta saa sita kasorobo ili tusichelewe. Saa sita ikafika bila mtu kutokea upande wa pili. Nilipofungua barua pepe nikakuta ujumbe wa upole kwamba walitusubiri kwa dakika arobaini na sasa wanaingia kwenye kikao kingine. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata akiudhika, alinitazama, akauliza: "Katibu, hiyo saa yako ni ya wapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe usiku wa kuamkia Jumapili Ulaya ilikuwa imesogeza saa mbele, na tofauti yetu na Vaduz ilikuwa imepungua kutoka saa mbili hadi moja. Saa nne yao ilikuwa imeangukia saa tano yetu, wakati sisi bado tunapanga viti.

Nilisoma sana baada ya hapo, na nilichokielewa ni kwamba nchi ndogo kiasi hicho haifuati jua lake peke yake, bali hufuata saa ya jirani inayefanya naye kazi. Liechtenstein ina watu wapatao elfu 40, imekaa kati ya Uswisi na Austria, na inatumia faranga ya Uswisi. Mkataba wake wa forodha na Uswisi ni wa mwaka 1923. Zaidi ya nusu ya wanaofanya kazi nchini humo hulala nje ya mpaka na kuingia kila asubuhi, na hata reli inayokatiza pale huendeshwa na shirika la reli la Austria. Hebu fikiria nchi ya namna hiyo ijitangazie saa yake: fundi angetoka nyumbani saa moja na kufika kazini, mwendo wa dakika ishirini, akute ni saa mbili na dakika ishirini, au bado ni saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Uswisi yenyewe, iliyo kubwa zaidi, ilijaribu kusimama peke yake ikashindwa. Mwaka 1978 wananchi walipiga kura kuikataa sheria ya saa za kiangazi, yaani kusogeza saa mbele miezi ya joto, wakulima wakiwa mstari wa mbele kuipinga, lakini mwaka 1980 Ujerumani na Austria zikaanza kusogeza saa, huku Ufaransa na Italia zikiwa tayari zinafanya hivyo. Uswisi ikabaki kisiwa cha saa katikati ya bara, na mwaka 1981 ikajiunga na wenzake. Kuna kijiji cha Ujerumani kiitwacho Büsingen ambacho kimezungukwa na ardhi ya Uswisi pande zote. Mwaka ule wa 1980 kilifuata saa ya Uswisi badala ya saa ya nchi yake, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa upande ule.

Sababu ya kusogeza saa kwenyewe ni umbali kutoka ikweta. Vaduz iko kwenye latitudo ya nyuzi 47 kaskazini, ambako mchana wa Juni huchukua takriban saa 16 na wa Desemba saa 8 na nusu. Wakati wa kiangazi jua huchomoza watu wakiwa wamelala, ndiyo maana husogeza saa mbele ili mwanga ule uongezeke jioni. Kwetu Mbeya tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni kama saa moja tu kwa mwaka mzima, hivyo kusogeza hakungetupa kitu.

Hata hivyo, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua vizuri hali ya kutumia saa isiyolingana na jua letu. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali saa ya Zambia na Malawi imepimwa kwa nyuzi 30, inayopita karibu na Kigali. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi. Kwa kuwa jua hutumia dakika nne kwa kila nyuzi moja, tuko dakika 46 nyuma ya saa tunayoitumia, na dakika 14 tu mbele ya ile ya Lusaka. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni jua letu huchomoza yapata saa moja asubuhi, wakati Dar es Salaam limekwisha kuchomoza karibu nusu saa nzima, na watoto wetu huenda shule gizani, kwenye baridi, mikono ikiwa ndani ya sweta. Hilo linaniuma kila mwaka. Bado siungi mkono Mbeya kuwa na saa yake, maana benki, mabasi na ofisi zetu zote zinaitazama Dar. Ningependa shule za huku zichelewe kuanza kwa nusu saa miezi ile ya Juni na Julai, basi.

Dawa ya tatizo langu niliipata Tunduma kwa bahati. Jumatatu ya tarehe 24 Aprili nilikuwa pale kufuatilia mzigo wa viungio vya mabomba, nimekaa kwa mama ntilie hatua chache kutoka mpakani, simu iko mezani karibu na sahani ya wali. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kamili. Simu ilionyesha saa nne kamili, kwa sababu ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia na kujirudisha nyuma yenyewe, jambo ambalo wenyeji wa Tunduma wamelizoea hata hawalisemi. Wakati huohuo simu ikaita kutoka Vaduz. Ndipo nikaona: tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Vaduz na saa ya Nakonde, ng'ambo ya pili ya barabara, ni ileile. Zambia haisogezi saa yake. Ulaya ndiyo inayosogea na kulingana nayo, kisha inarudi.

Wako waliojaribu kusogea wakaghairi. Mauritius ilijaribu saa za kiangazi kati ya Oktoba 2008 na Machi 2009, haikurudia tena. São Tomé na Principe, iliyo karibu kabisa na ikweta, ilisogeza saa yake mbele kwa saa moja tarehe 1 Januari 2018, na ilipotimia tarehe 1 Januari 2019 ikairudisha ilipokuwa. Bunge la Ulaya nalo lilipiga kura mwaka 2019 kutaka mtindo huu ukomeshwe, lakini nchi wanachama hazijakubaliana, kwa hiyo usipange ratiba zako ukitegemea kwamba utaisha.

Kama na wewe una kikao na watu wa huko, usiandike tofauti ya saa kwenye daftari, kwa sababu tofauti hiyo hubadilika. Andika saa yao pamoja na jina la mji wao, na kwenye kalenda ya simu uchague Vaduz au Zurich, ambazo kwa saa ni kitu kimoja, simu itakufanyia hesabu yenyewe. Waeleze pia vijana wanaokusaidia kwamba saa nne ya Kiswahili huandikwa 10:00, maana kijana wetu mmoja aliwahi kuwatumia wafadhili mwaliko wa 04:00. Mwenyekiti wetu hakutaka habari ya simu. Alichukua kalenda ya ukutani, akazungushia wino mwekundu Jumapili mbili, ya Machi na ya Oktoba, na tarehe 30 Oktoba, kikao kiliporudi saa sita mchana, yeye ndiye aliyenipigia asubuhi kunikumbusha.