Dakika sita za kutembea zinamwambia nini daktari wa moyo?

SWALI: Papa yangu ana umri wa miaka 63 na anatibiwa moyo uliodhoofika. Mara ya mwisho tulipompeleka hospitalini hapa Bukavu tulitarajia afanyiwe tena ekografia (picha ya moyo), lakini mhudumu alimpeleka kwenye korido, akamwambia atembee kwenda na kurudi kwa dakika sita, kisha akaandika «mita 310» kwenye fishi yake. Kaka zangu wanasema hicho si kipimo, bali ni njia ya kukwepa mashine. Je, kina thamani yoyote? Na kama kinayo, tunaweza kumpima wenyewe huku nyumbani?
Binti wa Kadutu

JIBU: Dada, thamani kinayo, tena kubwa, na tunaomba uwasomee kaka zako jibu hili. Ekografia inaonyesha jinsi moyo unavyojikaza na kusukuma damu mgonjwa akiwa amelala. Haionyeshi kama mgonjwa huyo anaweza kwenda sokoni na kurudi. Wagonjwa wawili ambao picha za mioyo yao zinafanana wanaweza kutofautiana sana wakiinuka na kutembea, kwa sababu kutembea kunataka moyo, mapafu, damu na misuli ya miguu vishirikiane, na kasoro ya kimoja huonekana katika umbali ambao mtu ameufikia.

Wala kipimo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hospitali zisizo na vifaa. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alichapisha kipimo cha kukimbia dakika 12 kwa watu wenye afya. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza walikigeuza kuwa cha kutembea, kwa wagonjwa wa mapafu, na kwa kuwa dakika 12 ziliwachosha mno wagonjwa dhaifu, utafiti wa mwaka 1982 ulionyesha kwamba sita zinatosha. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa moyo, na leo hospitali zenye mashine za kila aina zinaendelea kukitumia.

Sasa kuhusu mita 310. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, wagonjwa wa moyo dhaifu ambao hawakufikisha mita 300 walilazwa hospitalini na kufariki kwa wingi zaidi kuliko wale waliovuka mita 450. Kwa hiyo papa, aliyevuka mita 300 kwa kumi tu, anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, jambo ambalo bila shaka daktari wake amelitambua, lakini msiichukue namba hiyo kama hukumu, kwani umri mkubwa, kimo kifupi, uzito na hata magoti yanayouma huipunguza. Namba inayofaa kulinganishwa na ya papa ni ya papa mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, akiwa anaendelea na dawa. Badiliko la takriban mita 30 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na maana. Likiwa dogo zaidi, huenda ni uchovu wa siku hiyo tu.

Ulinganisho huo una masharti yake. Korido iwe tambarare, na ikiwezekana iwe na urefu wa mita 30, kwa sababu katika korido fupi mgonjwa hugeuka mara nyingi na kila kugeuka kunampotezea mwendo. Basi ombeni arudiwe mahali pale pale. Anaruhusiwa kupunguza mwendo, kusimama, hata kuegemea ukuta, ila saa haisimamishwi. Mhudumu hatembei bega kwa bega naye asije akamvuta kwa mwendo wake, na maneno ya kumtia moyo ni machache, yale yale kwa kila mgonjwa. Ninyi watoto msimshangilie, hata kama upendo unawasukuma, kwa kuwa mita zitakazoongezeka zitakuwa za kelele zenu, nasi tunataka kujua nguvu za moyo wake.

Kuhusu kumpima nyumbani, tunakuomba msifanye hivyo. Njia za Kadutu ni miteremko na ngazi, na umbali uliopimwa mlimani haulinganishwi na wa korido. Sababu nzito zaidi ni usalama: kipimo hakifanywi kwa mtu aliyepata shambulio la moyo, au maumivu ya kifua yasiyotulia, katika mwezi uliotangulia, na wahudumu husita pia mapigo yakizidi 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, au shinikizo la damu likipita 180 kwa 100. Kifua kikiuma, mgonjwa akipepesuka, akitokwa na jasho jingi au akipauka, kipimo hukatizwa mara moja, na lazima awepo anayejua la kufanya. Mnachoweza kufanya ni kuandika katika daftari papa anasimama mara ngapi kuvuta pumzi kati ya barabara kubwa na mlango wa nyumba. Mara hizo zikiongezeka kutoka wiki hadi wiki, msingoje siku ya randevu.

SWALI: Nitafanyiwa kipimo cha kutembea wiki ijayo kwa mara ya pili. Je, niache vidonge vya tansiyo (shinikizo la damu) siku hiyo ili moyo upige vizuri?
Mama wa Ibanda

JIBU: Hapana, mama. Meza dawa zako saa ile ile ya kila siku na umwambie mhudumu ulizimeza saa ngapi. Baadhi ya vidonge vya tansiyo hupunguza mapigo makusudi, ndiyo maana mpimaji hategemei mapigo peke yake, bali pia umbali, na jinsi wewe mwenyewe unavyokadiria ugumu wa kupumua kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Kula kidogo, usifanye kazi nzito katika saa mbili za mwisho, vaa viatu ulivyovizoea, na kama unatembelea fimbo, njoo nayo. Ukifika, kaa kitini angalau dakika kumi kabla ya kuanza. Usishangae ukipita umbali wa mara ya kwanza: mtu aliyekwisha kukijua kipimo hutembea vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo baadhi ya wapimaji hukifanya mara mbili na kuandika umbali ulio mrefu.