Usiwe mgeni wa gari la ofisi: miezi saba yangu Mwanza

Katika wiki ya sita tangu nipelekwe Mwanza kwa kazi ya ukaguzi wa hesabu, kazi iliyopangwa kuchukua miezi saba, mama yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akaniuliza kama dagaa wa huko ni rahisi kama watu wasemavyo. Sikuwa na jibu. Kila asubuhi gari la ofisi lilinichukua hotelini na kunifikisha Nyakato kwenye viwanda, na kila jioni likanirudisha. Chakula nilikula hotelini, nguo zilifuliwa hotelini, na Ziwa Victoria nililitazama kupitia kioo cha dirisha. Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama ziwani, nilikuwa nimekwisha kulipiga picha, nikadhani jiji nimelimaliza.

Kwa hiyo, mtu anayepelekwa kikazi katika mji asioujua, kwa muda ambao ni mrefu kwa safari na mfupi kwa uhamisho, namshauri ajitwike mwenyewe shughuli ndogo ndogo ambazo mwajiri angependa kumwondolea. Anayepikiwa, kufuliwa na kuendeshwa hana sababu ya kumuuliza mtu yeyote jambo lolote.

Mimi nilianza na makazi. Nilihama hoteli nikapanga chumba na sebule Kirumba, baada ya kuiacha nyumba nzuri zaidi iliyokuwa mlimani. Mwanza ina nyumba nyingi zilizojengwa kwenye miteremko, zikiegemea majabali, na mgeni huvutiwa na mandhari ya ziwa kabla hajauliza maji hupanda hadi pale siku ngapi kwa wiki, na kama bodaboda hufika mlangoni au humwacha mtu barabarani apande ngazi za mawe na mizigo yake. Nyumba ya namna hiyo nenda ukaikague usiku. Kuhusu kodi, wenye nyumba wengi hupenda kulipwa miezi sita kwa mkupuo. Wangu alikubali mitatu mitatu nilipomwonyesha barua ya ofisi, jambo ambalo nisingelifikiria kama jirani mmoja asingenidokeza.

Kutoka Kirumba hadi Mwaloni, kwenye soko la samaki na dagaa, si mbali. Asubuhi ya kwanza nilipita katikati ya magunia ya dagaa wakavu, mengine yakisubiri kusafirishwa hadi Kongo, nikasimama mbele ya mama mmoja na kumnyooshea kidole sato mkubwa, nikauliza bei bila hata salamu. Aliniangalia kidogo, kisha akafunua matamvua ya yule samaki kwa kidole gumba. Yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia. “Mwanangu, huyu ni wa jana, ni wa kukaanga. Kama unataka wa mchuzi, subiri.” Nilisubiri karibu saa nzima nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, na katika saa hiyo nilifundishwa kwamba sato mbichi huwa na matamvua mekundu na jicho linalong'aa, na kwamba nyama yake hurudi ukiibonyeza. Nilifundishwa pia jibu la swali la mama yangu: bei ya dagaa hufuata mwezi. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu, samaki hupungua sokoni na bei hupanda.

Tangu siku hiyo sikuuliza bei kabla ya kusalimia. Kiswahili kinatosha kabisa Mwanza, lakini salamu za Kisukuma, “mwangaluka” ya asubuhi na “mwadila” ya kuanzia mchana, hata kwa lafudhi mbovu kama yangu, huwachekesha watu na kufungua mazungumzo, na “wabeja”, asante ya Kisukuma, huyafunga vizuri kuliko asante ya Kiswahili.

Siku za mapumziko nilipanda daladala hadi mwisho wa njia, leo Igoma, wiki nyingine Nyegezi, nikarudi kwa miguu kadiri nilivyoweza. Nilivuka pia kwa kivuko hadi Kamanga bila shughuli yoyote, kwa sababu miamba ya Mwanza hupendeza zaidi ikitazamwa kutoka majini. Kisiwa cha Saanane, kilichopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinatosha nusu siku. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa yape siku nzima, na kama utakuwepo mwezi Juni, uliza tarehe za Bulabo, tamasha la Wasukuma ambapo wachezaji wa makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma. Kuogelea ziwani usithubutu, hata ukiwaona watoto wanapiga mbizi, kichocho kipo.

Shughuli yangu ya mwisho ilikuwa mashati mawili ya kitenge niliyompelekea fundi cherehani wa Makoroboi. Aliniahidi Jumatano, kisha Ijumaa, na Jumamosi nilipanda basi la alfajiri bila mashati. Wiki iliyofuata aliyatuma kwa basi, yakiwa yamekunjwa ndani ya gazeti pamoja na kifurushi cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambacho sikuwa nimekiagiza. Mikono ya shati moja ni mirefu kidogo, na mama yangu ananiambia nimrudishie fundi. Nimemjibu kwamba nitampelekea mwenyewe.