Homoni zimeshuka, mke anadhani nina mchepuko

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 39, ni dereva wa lori, kwangu ni Nkuhungu hapa Dodoma. Karibu mwaka sasa sina hamu na mke wangu, nachoka hovyo, asubuhi naamka hamna kitu. Mke kashasema nina mchepuko. Juzi nimetoka safari ya usiku nikapitia maabara saa tisa mchana, testosteroni, ile homoni ya kiume, ikaja 260, wakasema iko chini. Jamaa yangu wa gym ana sindano za hiyo homoni, anasema nikichoma narudi ujana. Tuna mtoto mmoja, tunatafuta wa pili. Nichome? – Dereva, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Usichome. Naanza na hilo hata mengine sijayagusa, maana umeandika mwenyewe mnatafuta mtoto na hiyo sindano ndo itakayokunyima.

Iko hivi, korodani hazijiamulii, zinasubiri amri kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, sasa ukiingiza homoni ya nje ubongo unaona ipo ya kutosha unaacha kutuma amri, korodani zinalala na mbegu zinapungua mpaka zinaweza kuisha kabisa. Sikutishi, Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuzijaribu sindano za testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume na zilifanya kazi kweli. Ukiacha mbegu kwa kawaida zinarudi, ila ni miezi mingi na wengine inapita mwaka. Na pia inafanya damu kuwa nzito ndo maana anayetibiwa nayo lazima apimwe damu mara kwa mara, sasa huyo jamaa wa gym atakupimia wapi?

Halafu hicho kipimo chenyewe bado hakijasema kitu. Homoni hii inapanda ukiwa umelala, asubuhi iko juu, mchana inashuka, ndo maana inapimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi hujala kitu, na ikija chini inarudiwa siku nyingine. Wewe umekesha barabarani, umepima saa tisa! Madaktari wengi wanatumia 300 kama mpaka, kwahiyo hiyo 260 yako ukilala usingizi wa kueleweka siku kadhaa inaweza ikaja na sura nyingine kabisa. Omba likizo fupi, lala usiku kama watu, ndo ukapime.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, waambie unatafuta mtoto, hilo usilifiche kwasababu linabadilisha dawa, zipo za kuamsha korodani zifanye kazi zenyewe bila kuua mbegu. Ikibaki chini watapima na LH na prolaktini, homoni zinazotoka kwenye ile tezi ya chini ya ubongo, wajue tatizo ni korodani au ni juu kwenye tezi. Waambie kama uliwahi kuugua matubwitubwi yakashuka kwenye korodani. Sukari na presha pima pia, wanaume wengi wanalaumu homoni kumbe ni sukari imeharibu mishipa. Na kama una kitambi na unakoroma mpaka pumzi inakata usingizini liseme hilo, madereva wengi mnalo na linashusha homoni kweli, wapo waliopunguza uzito tu ikapanda bila dawa.

Vumbi la Kongo na vile vipakti vya nguvu za kiume vya stendi achana navyo, hujui ndani kuna nini, na hamu hairudishwi na kitu cha kusimamisha nusu saa.

Sasa mkeo. Mwanangu hapa ndo naumia zaidi, mwaka mzima mwanamke analala pembeni yako anajiuliza amekosea wapi, ukirudi safari unageukia ukutani na yeye anakagua simu, si ubaya wake, hujampa sababu nyingine ya kuamini. Karatasi ya maabara mpe aishike aisome mwenyewe, mwambie "mama, sina mtu, mwili wangu una shida na naogopa". Hilo neno naogopa usiliruke hata kama linakukaba. Na siku ya hospitali mwende wote, kwanza mtoto anatafutwa na watu wawili na yeye atatakiwa kupimwa. Majibu yakitoka niandikie, uweke na namba za LH na prolaktini.