Khalwa ya Mlimani kwa Mtu wa Pwani

Nilipomaliza eda ya marehemu mume wangu, miezi 4 na siku 10 kama sheria inavyotaka, jamaa wengi hapa Lamu walidhani kwamba na huzuni nayo imekwisha. Usingizi ulikuwa umenikimbia, sala nikiisali kwa ulimi tu, na nyumba ilijaa wageni wema wasioniachia hata nafasi ya kulia. Ndipo nilipokwenda kukaa khalwa, yaani faragha ya ibada, katika milima ya Taita, nikifuatana na kaka yangu, na kwa kuwa kina mama wenzangu huniuliza namna ya kujiandaa, naeleza hapa niliyoyaona.

Tengeneza kwanza mambo ya nyumbani. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipokuwa akijitenga katika pango la Hira, mlimani karibu na Makka, alichukua masurufu yake, na yakimwishia alirudi kwa Bi Khadija kuchukua mengine, na wahyi ulipomshukia, mwaka 610, alirejea kwake akitetemeka, akataka afunikwe nguo. Wengi husimulia pango wakaisahau nyumba. Kwa hiyo lipa deni unaloweza kulilipa, taka radhi kwa uliyemkosea, na watoto uwakabidhi kwa mtu anayejua siku utakayorudi, kwa sababu ukiacha hayo nyuma utayakuta yamekutangulia kileleni.

Safari yenyewe ni ndefu: mashua hadi Mokowe, basi kupitia Malindi hadi Mombasa, kisha Voi, Mwatate na kupanda Wundanyi. Ni vyema kulala njiani. Halijoto hupungua kwa takriban digrii 6 katika kila mita 1,000 unazopanda, na kilele cha Vuria kina mita zipatazo 2,200; chukua sweta, soksi na blanketi, hasa mwezi wa Juni na Julai (buibui halijui baridi ya huko).

Lililonishangaza ni kwamba siku za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko za nyumbani. Simu ikiwa imezimwa na ukungu umefunika mabonde, yote niliyokuwa nimeyazuia kwa shughuli yalinijia kwa pamoja, na nililia mpaka kaka yangu akataka kunirudisha. Usikimbie hapo, wala usijitwishe nyiradi (dhikri za kurudiarudia) za maelfu ili kuuziba ukimya. Mimi nilijiwekea machache: sala kwa wakati wake, kurasa chache za Kurani baada ya Alfajiri, kutembea mashambani kabla jua halijapanda, na kulala mapema. Usingizi ndio uliorudi kwanza, tena kwa sababu ya miguu kuchoka, naamini. Utulivu wa sala ulikuja baadaye, kidogo kidogo.

Mwenye dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa kudhani kuwa mlima utamponya, na mwenye huzuni inayomfanya asitake kuishi aende kwanza kwa daktari. Anayekutoza fedha kwa ahadi ya uponyaji, mwepuke.

Ukirejea, waombe watu wa nyumbani wakupe siku chache kabla ya kuanza kupokea wageni, na katika yale uliyokuwa ukiyafanya huko uchague moja tu la kuendelea nalo; langu ni kutembea ufukweni kuelekea Shela baada ya Alfajiri, bila simu.