OK ilitoka wapi? Maswali yenu juu ya neno ya herufi mbili

Mukubwa, hii OK tunasemaka kila saa, kirefu yake ni nini? (Motari, Katindo)

Kaka, ni mchezo tu. Miaka ya 1830 kule Boston, Marekani, batu ba magazeti balikuwa banafupisha maneno na kuyaandika mubaya makusudi, basi "all correct", ni kusema yote iko sawa, bakaigeuza "oll korrect", bakabakisha O na K. Gazeti Boston Morning Post iliitoa tarehe 23 Machi 1839. Ilikuwaka na ndugu zake, kama vile O.W. ya "oll wright", ni "all right" iliyoandikwa mubaya, lakini hizo zilikufa zote.

Juu ya nini OK haikukufa nayo? (Mwanafunzi, Himbi)

Siasa, mdogo wangu! Mwaka wa 1840 prezida Martin Van Buren anatafuta kura tena, na juu alizaliwa Kinderhook, jimbo ya New York, batu yake banamuita "Old Kinderhook", mzee wa Kinderhook, sasa ona vile herufi zilikutana. Bakaunda hata OK Club, wapinzani nabo bakaitafutia maana ya kumuchekelea. Kura alipoteza, William Henry Harrison akamushinda, lakini neno ilikuwa imeshaingia mu midomo ya batu. Kisha ba telegrafu bakaipenda, herufi mbili tu na ujumbe umefika.

Mwalimu alitufundisha eti ni sifuri na K ya "killed", ni kusema hakuna askari aliyekufa mu vita ya Marekani. (Mama, Birere)

Hapana mama, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilianza 1861, OK tayari ilikuwa na miaka zaidi ya 20 mu gazeti. Wengine banasema ni ya Wachoctaw, kabila ya wenyeji ba Marekani, prezida Woodrow Wilson aliandikaka "okeh" juu ya hiyo. Wengine Wolof ya Senegali, na hiyo mimi ningeipenda sana, lakini Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa chuo kikuu ya Columbia kule Marekani, alichimbua magazeti ya zamani miaka ya 1960 na njia ikarudi Boston.

Bosi akiniandikia WhatsApp, nijibu OK ao okay? (Kijana, Majengo)

Zote mbili ni sawa. "K" peke yake acha, ataona umekasirika. Mimi kwa mukubwa naandikaka "ndiyo papa, nimesikia", inapita zote. Jambo ingine: ukikula kwa muzungu akakuuliza chakula ilikuwa namna gani, usiseme "it was OK", atasikia vibaya, ni kusema ilipitika tu. Sema "very good", hata kama chumvi ilizidi.