Ukienda Bangkok kuchukua mzigo, pitia nyumba ya hariri

Wengi wetu wenye maduka ya nguo hapa Nairobi tunaijua Pratunam kuliko mtaa mwingine wowote wa Bangkok. Tunashuka, tunalala hoteli ileile, tunafunga mizigo, tunarudi. Mimi nilikwenda safari nne bila kujua kwamba kituo kimoja tu cha mashua kutoka pale sokoni kuna nyumba ya Jim Thompson, mfanyabiashara wa hariri, ambayo sasa ni makumbusho. Dada na kaka zangu wa Biashara Street, Eastleigh na Kamukunji, msikae muda wote huo kama mimi.

Nilikuwa nimekwisha kuumia. Niliuziwa mita arubaini za kitambaa nikaapiwa ni hariri. Bibi harusi mmoja akashonewa gauni, na fundi alipogusisha pasi tu, kitambaa kikajikunja na kunata. Nilimrudishia pesa zake zote. Aibu ya siku ile bado ninayo.

Pale Pratunam panda mashua ya mferejini, ile inayoelekea magharibi, ushuke kituo kinachofuata, Hua Chang. Mashua hazisubiri mtu, kwa hiyo ruka upesi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Vaa viatu vya kuvulika haraka, maana ndani huingii navyo. Utatembezwa na mwongozaji, na kila kundi lina zamu na lugha yake, basi wahi asubuhi.

Thompson alikuwa Mmarekani aliyebaki Thailand baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuifufua biashara ya hariri ya huko. Alihamia katika nyumba hiyo mwaka 1959. Alikusanya nyumba sita za kale za mbao za msaji, akaziunganisha, na kuta nyingine akazigeuza ili nakshi za nje zionekane ukiwa ndani. Mwaka 1967 alitoka kutembea kwenye milima ya Cameron Highlands, Malaysia, na hakuonekana tena. Wageni hupenda kuuliza habari za kupotea kwake. Wewe uliza habari za wafumaji. Waliishi ng'ambo tu ya mfereji, mtaa wa Ban Krua, Waislamu wa kabila la Wacham, na Thompson alikuwa akivuka kwenda kutazama kazi yao. Yeye alileta rangi zisizochuja na wanunuzi wa mbali, lakini mikono ilikuwa yao. Kwangu mimi nyumba ile ni yao pia.

Sasa, usiondoke kabla ya kumwona mama anayevuta uzi. Mimi nilikaa kando yake karibu saa nzima. Vifuko vya viwavi wa hariri, vya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, vinaelea kwenye chungu cha maji moto. Anavikoroga kwa kijiti mpaka ncha za nyuzi zishike, kisha anaziunganisha za vifuko vingi na kuzivuta kama uzi mmoja, polepole, bila kuinua macho. Kifuko kimoja kinaweza kutoa mamia ya mita za uzi usiokatika. Ndiyo sababu huchemshwa mdudu angali ndani: akigeuka nondo na kutoboa kutoka, uzi umeharibika.

Omba uguse uzi huo mbichi. Mimi nilitarajia ulaini, nikakuta ukavu na ukakasi, kama kamba ya katani nyembamba. Ni gundi ya kiwavi. Uzi ukishachemshwa kwa sabuni gundi hutoka, na hapo ndipo mng'ao na ulaini hujitokeza. Kisha pitisha kidole juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, utakutana na vinundu vidogo vya mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana. Zamani mteja akinionyesha vinundu hivyo nilimpunguzia bei nikidhani ni kasoro!

Kabla ya kulipia balo lolote, omba nyuzi chache za ukingoni, za mtande (zile za urefu) na za mshindio, uziwashe moto. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikukataza, funga pochi yako uende duka la pili. Safari iliyopita mimi nilikwenda mpaka la sita.