Ramani zangu zote zinafanana, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu. Naandika riwaya ya nchi ya kubuni, ramani yake nimeshaichora mara nne kwenye tableti lakini kila nikimaliza naona ileile tu, milima ya pembetatu, mito ya bluu. Nifanyeje zitofautiane? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Pwani yako iache kama ilivyo, halafu jiulize nani ndani ya hadithi ndo kaichora. Kama ni nahodha, fuata chati za mabaharia wa Mediterania za karne ya 14, majina ya bandari yamebanana ufukweni yameandikwa kuelekea ndani, mistari ya pande za upepo inakatizana baharini, na bara wengi waliacha karibu tupu maana halikuwahusu. Kama ni msomi wa mfalme, itafute ramani ya mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi ya 1154, alimtengenezea Mfalme Roger II wa Sicily, kusini iko juu! Na milima kwenye nakala zake imekaa kama minyororo ya rangi. Mi nilipogeuza yangu hivyo nchi niliyoizoea ikawa ngeni kabisa, nikaanza kuona njia za misafara ambazo sikuwahi kuziwaza.

Mchoraji akiwa mwanajeshi, weka vistari vifupi vinavyofuata mteremko, penye mwinuko mkali vinenepe. Kazi inachosha hiyo ila inapendeza mno.

Tableti iweke pembeni kidogo, chukua karatasi na kalamu ya wino. Rangi mbili zinatosha.